Wabunifu tukiagiza kitambaa cha mkonge kwa pamoja, kiwanda kitatusikia?

MabegiMoshi

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya waliowahi kufanya kazi na viwanda vya nyuzi, na ya wabunifu wenzangu popote mlipo, Tanzania, Kenya hata Uganda.

Mimi ni mshonaji wa mabegi hapa Moshi. Nashona mikoba ya akina mama, mabegi ya kompyuta mpakato na pochi. Malighafi yangu kubwa miaka yote imekuwa reksini ya Kariakoo, ile plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Inashoneka kirahisi, rangi zote zipo, ukiishiwa unapiga simu jioni na mzigo unapanda basi usiku uleule. Ila kila fundi anaujua ugonjwa wake. Ikishatumika kidogo inaanza kumenyuka kwenye mikunjo na kwenye mishikio, na ikishamenyuka haina dawa, mteja anatupa begi zima. Vipande vinavyobaki mezani siwezi kuvichoma kwa sababu ya ule moshi, nikivifukia haviozi, na hakuna anayevipokea. Nimechoka kushona taka za kesho kwa mikono yangu.

Na huku ukitoka Moshi kwenda Tanga, ukikaribia Mombo mkonge unaanza, mistari imenyooka mpaka chini ya milima. Nyuzi zipo. Nikaenda kwenye kiwanda kimoja kinachofuma magunia na mazulia, nikaomba mita 50 za kitambaa laini kidogo kuliko cha gunia. Walinikaribisha vizuri, wakanitembeza, lakini jibu likawa moja: hawawezi kufunga mtande mpya, yaani nyuzi za urefu kwenye mashine, kwa mita 50. Nirudi nikiwa na oda ya kuanzia mita 1,000. Mita 1,000 mimi nitazimaliza lini?

Baadaye nikagundua si mimi peke yangu. Kuna dada anashona viatu Arusha, kaka anatengeneza vivuli vya taa Dar, mwingine mito na viti, na rafiki yangu wa Mombasa anafanya kofia. Wote wamepewa jibu hilohilo, kila mtu kwa wakati wake. Nikawaza, kwa nini tusiende pamoja? Tukaongea kwa simu ya kundi, na hapo ndipo penye tabu. Mmoja anataka nyeusi, mwingine anataka rangi ya asili. Wa taa anataka chepesi kinachopitisha mwanga, wa viti anataka kizito. Mmoja ana wasiwasi kwamba tukikaa meza moja michoro yake itaigwa.

Sasa naomba kujua: kuna namna ya kuagiza pamoja bila kila mtu kuacha kazi yake? Tukubaliane juu ya nini, na nini tukiache? Naamini tukiendelea kwenda mmoja mmoja tutazeeka na reksini.

DukaLaJumla

Mleta mada, wazo ni zuri ila mimi nauza malighafi na nakwambia ninachokisikia dukani. Mteja haulizi kama begi limetoka kwenye mmea. Anauliza bei, na anauliza likinyeshewa itakuwaje. Mkonge unanyonya maji, masika ya pwani ukiliweka begi kabatini linaota ukungu. Halafu singa, hizo nyuzi za mkonge, zinachoma. Mama akivaa blauzi ya hariri, begi likisugua ubavuni, blauzi imekwisha. Mjibuni hayo kwanza kabla hamjachanga hela zenu. Sisemi msifanye.

Singa3L

Mleta mada, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mstaafu, nipo Muheza. Nimeanzia korona, kwenye mashine ya kuchakata majani ya mkonge, nikiwa kijana, nikaenda chumba cha brashi, nikamalizia kwenye kusokota na kufuma. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lako nimelisubiri muda mrefu.

Kwanza ujue kiwanda hakikuwadharau. Kufunga mtande ni kukodi basi zima: awepo abiria mmoja au wajae, dereva na mafuta ni vilevile. Nyuzi zote za urefu zinaviringwa kwenye rola, kisha uzi mmoja mmoja unapitishwa kwa mkono kwenye matundu yake. Kazi hiyo ni sawasawa kwa mita 50 na kwa mita 2,000. Kwa hiyo kinachowagharimu si uchache wa mita peke yake. Ni kule kutaka kila mtu mtande wake.

Hapa ndipo mtakapokubaliana. Msibishane juu ya kitambaa kizima, kubalianeni juu ya mtande tu. Unene mmoja wa uzi, upana mmoja, idadi moja ya nyuzi kwa kila sentimita. Ukishafungwa, mshindio, yaani nyuzi za upana, unabadilika bila kuugusa mtande. Kwa wa taa, mfumaji anaweka mshindio mwembamba na kuuachanisha, mwanga unapita. Kwa wa viti anaweka mnene na kuubana. Kwenye rola lilelile, siku hiyohiyo, mnapata vitambaa vitatu. Hili mtu wa ofisini hatakwambia. Omba kuonana na msimamizi wa wafumaji.

Na mtande wenyewe nashauri uwe wa pamba, mshindio ndio uwe mkonge. Mkonge mtupu haupendi kukunjwa mahali pamoja kila siku, singa zinakatika pale kwenye kona. Mtande wa pamba unabeba mkunjo na kitambaa kinalala vizuri chini ya mashine. Pamba tunayo, Simiyu na Shinyanga wanalima.

Rangi iacheni nje ya kiwanda. Chukueni kitambaa kikiwa na rangi yake ya singa, kila mmoja akatie rangi kwake. Mtu mmoja akidai nyeusi itoke kiwandani, mashine zote zinasafishwa na gharama inawarudia ninyi wote.

Kuhusu daraja la singa, msivutwe na jina la daraja la kwanza. Waulizeni 3L, ni singa ndefu za kuanzia sentimita 90, rangi yake inatofautiana kidogo lakini nguvu ipo. Daraja la UG linaanzia sentimita 60, linafaa kwa mshindio mnene wa viti. Anayelalamika kuchomwa na singa mara nyingi ameshika nyuzi za singa fupifupi zisizopigwa brashi sawasawa. Ncha ndizo zinazochoma, na singa ndefu ina ncha chache kwa kila mita ya uzi. Kwa hiyo ndugu wa duka la jumla ana haki, lakini dawa yake inaanzia kwenye daraja na brashi.

Sasa jambo ambalo wabunifu wengi hawalijui. Singa haziingii kwenye mashine zikiwa kavu, hunyunyiziwa mafuta ya kulainisha. Mara nyingi mafuta hayo yanatokana na petroli. Yaani unaweza kununua kitambaa cha mmea mtupu kikawa kinanuka karakana. Lakini hili limewahi kubadilishwa, na waliolibadilisha ni wanunuzi. Wanunuzi wa kakao na kahawa walichoka kukuta mabaki ya mafuta hayo kutoka kwenye magunia ya juti yakiingia kwenye punje. Mwaka 1998 kikatoka kiwango cha Shirika la Kimataifa la Juti kwamba magunia ya chakula yatumie mafuta ya mimea, na viwanda vikahamia kwenye mafuta kama ya pumba za mpunga. Mnunuzi mmoja mmoja angelalamika mpaka leo. Walikuja na karatasi moja yenye sharti moja, mashine zikabadilika. Nanyi liandikeni sharti hilo kwenye oda yenu: mafuta ya mimea. Kiwanda kinachofuma magunia ya kahawa kinajua unachosema.

Nakwambia haya kwa sababu niliona upande wa pili. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa takriban tani 230,000 za singa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Yako mengi yaliyochangia, na watu wameyabishania sana, lakini kubwa ni kwamba mkonge wetu uliishi kwa kamba: kamba za meli na kamba za kufungia majani ya ng'ombe huko Ulaya na Marekani. Ilipokuja kamba ya plastiki ya polipropilini, nyepesi na rahisi, wateja wakahama na sisi hatukuwa na mteja wa namna nyingine. Niliona kambi za wafanyakazi wa mkonge zikibaki na nyumba tupu, vijana wakienda mjini kuuza maji. Leo bei imepanda tena, wakulima wadogo wa Korogwe wanakata mkonge wao kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, na ninafurahi. Lakini bado tunauza singa nyingi zikiwa zimefungwa marobota tu. Mkonge unahitaji watu kama wewe kuliko unavyodhani. Katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4. Jasho lote lile la kukata na kubeba linaishia kwenye kilo 4, halafu ziondoke bila kufumwa?

UziEldoret

Mzee hapo juu ameongea. Mimi nimesomea uhandisi wa nguo Moi University na nafanya kazi ya kupima vitambaa, wacha niongeze kuhusu maji na kuhusu kupaka.

Usijaribu kuuzuia mkonge usinyonye maji kwa kuupaka plastiki juu. Utarudi palepale ulipotoka, na mbaya zaidi, sasa plastiki na mmea vimeshikana na hakuna anayeweza kuvitenganisha. Hili ndilo tatizo la ngozi nyingi zinazoitwa za mimea. Piñatex, kwa mfano, ambayo Carmen Hijosa aliianzisha baada ya kuona kazi ya nyuzi za majani ya nanasi huko Ufilipino, ni wazo kubwa na nyuzi zake ni mabaki halisi ya shamba. Lakini nyuzi hizo zimechanganywa na PLA, plastiki inayotengenezwa kwa mahindi, kisha juu kuna tabaka la kinga. PLA nayo haiozi ukiifukia shambani. Inataka mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Ngozi ya kaktasi kutoka Meksiko nayo ina plastiki ya poliyurethani ndani yake. Sisemi watu hao ni waongo, kazi yao imefungua macho ya wengi. Nasema tu mteja wako akikuuliza, umwambie begi zima lina nini, pamoja na gundi na uzi wa kushonea. Wengi tunasahau uzi. Begi la mkonge lililoshonwa kwa poliesta na kubandikwa gundi ya viatu bado lina kazi ya kufanywa.

Kwa mvua, weka kinga ndani. Tumia turubai la pamba lililofumwa kwa kubana, lipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, liwe tabaka kati ya mkonge na bitana. Bitana yenyewe amerikani inatosha. Mkonge ukilowa unaanikwa tu kivulini. Ukungu unakuja pale begi linapofungiwa likiwa na unyevu, kwa hiyo bitana isibandikwe kwa gundi kote, ishonwe pembeni ili hewa ipite.

Kama mnataka kitambaa kisimame kama cha zulia, mgongo wake unaweza kupakwa utomvu wa mpira wa asili. Muulize muuzaji kama ni wa mti au wa kutengenezwa, maana mazulia mengi siku hizi yana ule wa kutengenezwa. Kuna mashamba ya mpira pale Kihuhwi, karibu kabisa na kwa mzee wa Muheza.

Na kitu kimoja mnachoweza kushirikiana bila kuogopa kuigwa ni vipimo. Sugua kitambaa, kilowanishe, kianike, kikunje mara nyingi, andika kilipokatika. Matokeo hayo yawekeni pamoja. Mchoro wa begi ni wako. Habari kwamba uzi fulani unakatika kwenye kona kali haina sababu ya kugunduliwa upya na kila mtu kwa hasara yake.

BintiJambiani

Assalaam alaykum. Mimi nitasema upande mwengine kidogo, msinikasirikie.

Nyote mnazungumzia kiwanda na mita. Huku kwetu Unguja kuna makumbi ya nazi. Kinamama wanayafukia pwani kwenye mchanga na tope, miezi inapita, maji yanajaa na kupwa juu yake, kisha wanayafukua, wanayaponda na kuyachambua usumba, wanasokota kamba kwa viganja. Ni kazi ya kuinama ndani ya maji ya harufu. Kuna ukindu pia, unachemshwa kwa rangi, unasukwa ukili, yaani mkanda mrefu, ukili unashonwa kwa shazia, sindano kubwa, mpaka mkeka utimie. Hawa hawana sharti la mita 1,000. Lakini mbunifu akija na oda ya haraka na bei ya chini, analeta madhara yaleyale ya reksini kwa njia nyengine.

Wabunifu mkikaa pamoja, jambo la kwanza iwe ni hili: msishindane kushusha bei ya msukaji. Nimeona mtu wa hoteli anapewa bei, anakuja wa pili anasema yule kalipa nusu, anakuja wa tatu. Mukiwa na bei moja mliyokubaliana, na upana mmoja wa ukili ili msukaji asibadilishe mkono kila oda, yeye anasuka kwa amani na ninyi mnapata mzigo unaolingana. Na lipeni nusu mbele. Ukindu unanunuliwa kwa fedha taslimu.

Si kila kitu kinapimwa kwa rola. Waganda wana lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Gome linavuliwa, mti unafungwa majani ya mgomba upone, na linaota jengine, linavuliwa tena msimu mwengine. UNESCO waliitangaza kazi hiyo mwaka 2005. Kipande kinatoka na ukubwa wa mti wake, na viraka vyake, na tundu lake. Mbunifu ndiye anayefuata kipande. Nadhani mumuache mfumaji wa kiwandani afanye kazi yake na msukaji afanye yake, msimgeuze huyu kuwa yule.

MabegiMoshi

Nashukuru sana nyote. Shikamoo mzee wangu wa Muheza. Hilo la mtande mmoja na mshindio tofauti nimewatumia wenzangu usiku huohuo, na yule wa taa na yule wa viti waliokuwa wanabishana wamekubaliana ndani ya saa moja. Dada wa Jambiani, nimelipokea la bei. Mimi nanunua mishikio ya ukindu na sikuwahi kumuuliza mwenzangu yeyote analipa kiasi gani.

Limebaki la fedha na uaminifu. Tukichanga, mzigo utatoka kwa jina la nani? Na kikija kitambaa tofauti na tulichokubaliana, tutathibitisha vipi?

Singa3L

Marahaba, binti yangu. Kuthibitisha ni rahisi. Kabla ya oda, lipieni kipande cha majaribio. Kikiwaridhisha, kikateni mapande mawili, msimamizi wa kiwanda na mwakilishi wenu mtie saini nyuma ya kila pande, moja libaki kiwandani na jingine kwenu. Andikeni pia uzito wa mita moja ya mraba. Mzigo ukifika, mnapima kwa mizani na kulinganisha na pande lenu. Ubishi mwingi niliouona kiwandani ulitokana na watu kuelezana kwa maneno, "laini kidogo", "nzito kiasi". Laini ya nani?

Jina la mzigo, sajilini kikundi. Nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii hapo halmashauri, atawaelekeza katiba ya kikundi na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Walio Dar na Mombasa hawatakuwa wanachama wa kikundi cha Moshi kirahisi, hao wawe wanunuzi wa kikundi kwa mkataba, walipe kabla rola halijakatwa. Mzigo ukatwe kiwandani hapohapo kwa mita za kila mmoja. Ukishaletwa rola zima nyumbani kwa mtu, ugomvi unaanza.

Na nendeni kiwandani kipindi ambacho oda za magunia ya msimu zimepungua. Mashine zikiwa zimesimama, hata mita 600 zitasikilizwa.

DukaLaJumla

Mimi nilisema mteja huuliza bei, na bado nasimamia hapo, ila mmenijibu kwa hoja. Nina nafasi ya rola moja dukani. Mkipata kitambaa cha uzito wa katikati, nitachukua mita 100 niwauzie mafundi wanaonunua mita mbilimbili. Hao ndio wengi, na hakuna kiwanda kitakachowahi kuwasikiliza.

MabegiMoshi

Mita 100 za kaka hapo juu nimeziandika. Kwa sasa tuna mita 720 za watu walioahidi. Mbunifu yeyote anayesoma uzi huu na anataka kuingia, aandike hapa chini upana anaoutumia mezani kwake, mshindio anaoutaka (mwembamba, wa kati au mnene) na mita atakazolipia. Rangi msiandike. Kipande cha majaribio kikitoka nitakikata vipande vidogo na kumtumia kila aliyejiandikisha kwa basi, avipime kama UziEldoret alivyoeleza, kisha nitaleta mrejesho hapa wa kila kilichokatika na kilipokatikia.